Mama Mkwe na Gurudumu la Nairobi

Jumatatu, 11 Agosti

Stata tatu za magari leo, alternata moja. Mikono inanuka grisi mpaka ugali unanuka grisi. Nimerudi nyumbani Namakwekwe, hapa Mbale, nikamkuta mwanangu Baraka ameegemeza simu kwenye kopo la sukari, anatazama tena ile video ya gurudumu la Nairobi. Nami nikakaa. Bustani nzima ya michezo imejaa mabembea na treni za watoto, lakini macho yangu hayaondoki kwenye gurudumu. Refu kuliko mnara wa simu. Watu wamekaa ndani ya vibanda vya kioo na wanapunga mikono. Taa zinawaka kuanzia katikati kwenda ukingoni, kisha zinarudi. Mimi fundi wa umeme wa magari, kutwa nahangaika na taa mbili za mbele. Aliyefunga zile zote namvulia kofia.

Dada yake, Wakesho, hakuja kutazama. Ana miaka tisa. Nilimwahidi mwaka juzi, pesa zikaenda kwenye mabati. Nikamwahidi mwaka jana, Baraka akalazwa. Mwaka huu hajauliza hata mara moja. Mke wangu Mutesi anasema mtoto amekua. Mimi nasema amechoka na baba wa maneno matupu. Inaniuma. Likizo hii twende, hata kama tutakula mihogo mpaka Krismasi.

Alhamisi, 14 Agosti

Mpango. Tutakwenda kwa basi. Siku mbili tu. Chapati na mayai ya kuchemsha kutoka nyumbani, maana chakula cha ndani ya bustani ni bei ya harusi. Chumba kimoja cha wageni, wote wanne. Kwangu Kenya ni nyumbani, kwa watoto ni ng'ambo. Baraka anauliza kama huko wana mvua.

Halafu Mutesi akapiga simu bustanini kuuliza masharti. Kila mtoto mdogo lazima apande gurudumu na mtu mzima wake. Mmoja kwa mmoja. Na mwenye mimba haruhusiwi. Mutesi ana miezi saba.

Kwa hiyo watoto wawili, mtu mzima mmoja. Baraka apande, Wakesho abaki chini akishikilia mkoba wa mama yake? Afadhali tusiende kabisa. Shemeji Kirunda, kaka yake Mutesi, ndiye tumaini. Jumapili tunakwenda kwao Buwenge kumwomba.

Jumapili, 17 Agosti

Buwenge. Nimekaa uani kama kawaida, mgongo kwa mlango. Miaka kumi nimeoa hapa na sijawahi kumtazama mama mkwe usoni. Kwetu Voi mama mkwe anaheshimiwa lakini mnakula meza moja. Kwa Wasoga, watu wa Mutesi, mkwe wa kiume na mama mkwe hawagusani, hawakai pamoja, hawakai kiti kimoja garini. Hawezi hata kulala nyumbani kwangu. Anaongea nyuma ya pazia, kwa kunong'ona, na mtoto anabeba maneno. Ukivunja mwiko unapata obuko, ugonjwa wa kutetemeka mikono. Kirunda ananionyesha mzee mmoja kila nikija. "Unaona yule? Alimshika mkwe wake mkono sokoni." Nadhani yule mzee ni pombe ya waragi tu, lakini simwambii.

Kirunda amekataa. Kitambulisho chake kimepotea, mpakani hapiti. Alisema hivyo huku anakula kuku wangu niliyemletea.

Nikamsikia Wakesho anamwambia bibi yake ndani, taratibu, "Si neno, Jaja. Nilijua tu."

Kisha nong'ono nyuma ya pazia. Baraka akatoka mbio. "Jaja anasema atapanda yeye."

Kirunda alipaliwa na mfupa. Mutesi akashika kiuno. Mama wa miaka sitini na kitu, ambaye safari yake ndefu ni Jinja siku ya soko. Nilitaka kugeuka nimwone. Sikugeuka.

Jumatano, 20 Agosti

Heshima ina gharama. Mama mkwe hawezi kulala kwangu, basi sisi tunatoka Mbale kurudi nyuma mpaka Jinja, tukampokee huko, ndipo tupande basi la Nairobi. Ni kuzunguka nyumba nzima kutafuta mlango uliokuwa mbele yako. Nauli imepanda. Chumba cha wageni sasa ni cha wanawake na watoto. Mimi nitalala kwenye kichwa cha lori la rafiki yangu Mwangi, anashusha mzigo huko wiki hiyo hiyo.

Nilinung'unika. Mutesi akaniambia, "Mama anakuja kwa ajili ya mtoto wako, wewe unahesabu nauli." Nina bahati ya kuoa mwanamke anayejua kunifunga mdomo.

Ameniambia jambo jingine. Mama yake anajua Kiswahili. Nilicheka. Tangu nioe sijasikia hata neno. Watoto wangu wakimwamkia kwa Kiswahili anawajibu kwa Kisoga. Redio ikianza Kiswahili anaizima. Mutesi akasema alijifunza kwenye vizuizi vya barabarani, enzi za wanajeshi, akiwa msichana anapeleka ndizi Jinja. Alifunzwa kwa kupigiwa kelele. Toka hapo amekifungia.

Na mimi nimekuwa nikikibwata uani kwake miaka yote hii. Nimeona aibu.

Jumanne, 26 Agosti

Wakesho bado haulizi. Nimemnunulia viatu vya safari, amesema asante baba, ameviweka kwenye boksi tena. Anangoja tuvunje mpango. Namjua.

Mimi namwambia kila mtu gereji kuhusu gurudumu. Nimewaeleza mota, gia, breki, kama mtu aliyelijenga. Wameniita injinia.

Ijumaa, 29 Agosti

Ndani ya basi. Mama mkwe kiti cha mbele na Wakesho, kajitanda shuka la maua mpaka pua. Mimi kiti cha nyuma kabisa, juu ya tairi. Busia tulipanga foleni mbili tofauti. Afisa akauliza, "Nyinyi ni familia moja au mmegombana?" Mutesi akacheka mpaka akashika tumbo.

Kila tukisimama mama mkwe ananitumia kitu kupitia watoto. Yai. Karanga. Chungwa limemenywa tayari. Sijapata kuhudumiwa hivi na mtu asiyenitazama.

Jumamosi, 30 Agosti

Siwezi kuandika vizuri. Nitaandika hivyo hivyo.

Gurudumu lilitokea kabla hatujafika getini. Juu ya paa za nyumba, likizunguka polepole. Video ilinidanganya. Video ilikuwa ndogo. Watu wote walitembea, mimi nilisimama katikati ya njia na mdomo wazi, mwenye mkokoteni wa mahindi akanipigia kelele.

Mpango ulikuwa kibanda changu na Baraka, kibanda chao mama mkwe na Wakesho. Tukafika mbele. Dada wa zamu akatuhesabu kwa kidole. "Familia moja? Ingieni wanne, watu ni wengi." Nikaanza kueleza. Mkwe, mila, Busoga. Akaniangalia kama nimelewa. Nyuma watu wanasukuma. Ama wanne, ama tutoke kwenye foleni.

Nikamwona Wakesho. Alikuwa ameshaanza kugeuka. Hakulia, hakununa, aligeuka tu kama mtu aliyezoea.

Mama mkwe akapita mbele yangu, akamshika mkono, akaingia. Akakaa. Akavuta shuka juu ya uso. Nami nikaingia na Baraka, nikakaa mkabala naye, magoti yangu nimeyakunja mpaka kidevuni yasimguse. Mlango ukafungwa.

Tukapanda. Na hapo mimi, injinia, niligundua kwamba naogopa juu. Sikujua. Sijawahi kupanda hata ghorofa ya tano. Chini ilikuwa inakwenda zake. Nilifumba macho. Mikono ikaanza kutetemeka, nikaikalia, ikatetemeka chini yangu. Nikafikiria yule mzee wa Buwenge. Nikasema kimoyomoyo, obuko huo umenipata, hata siku haijaisha.

Gurudumu likasimama juu kabisa. Upepo. Kibanda kinayumba. Halafu sauti ambayo sikuwahi kuisikia. Si nong'ono. Sauti nene, ya mtu anayeita ng'ambo ya shamba.

"Bwana. Fungua macho."

Sikuthubutu.

"Wewe nalipa pesa yote hii, halafu nafunga macho? Fungua. Hii hapana obuko. Hii woga tu."

Nikafungua. Shuka lilikuwa mabegani mwake. Nilimwona uso mzima. Ana mwanya, kama wa Wakesho. Alikuwa anacheka, na machozi yanamtoka, na hayafuti. Hakunitazama mimi, alitazama nje. Nami nikageuza macho yangu huko huko.

Mungu wangu. Mji wote. Maghorofa na mabati pamoja, barabara na magari yasiyo na sauti, vilima vya buluu vimejipanga mwisho wa dunia. Mutesi chini, gauni lake la njano dogo kama punje ya hindi. Nilisahau mikono yangu. Watu wamejenga kitu hiki ili wengine wasio na kazi yoyote huko juu wapande, watazame, washuke. Nilitaka kumshukuru mtu.

"Baba," Wakesho akasema, "Uganda iko wapi?"

Aliniuliza mimi. Bibi yake akanyoosha mkono kuelekea jua linakozama. "Pale," akasema, kwa Kiswahili. "Pale nyumbani." Wakesho akauliza tena, na Mbale je, na mto uko wapi, na je ukipanda usiku unaona nini, na kwa nini hatukuja mapema. Aliuliza mpaka tukafika chini. Nilijibu yote, mengine nilitunga.

Mlango ulipofunguliwa mama mkwe alijitanda tena. Alitangulia kushuka.

Jumatatu, 1 Septemba

Tumemfikisha mama mkwe Jinja asubuhi. Basi lilitushusha karibu na teksi za Buwenge. Amewakumbatia watoto, amemshika Mutesi tumbo. Mimi nilisimama mbali, nimegeuka upande wa maduka, kama inavyotakiwa. Amepita nyuma yangu na shuka lake. Mwiko umerudi mahali pake, na sidhani kama yeyote kati yetu anataka uondoke.

Watoto wamelala njia yote ya Mbale. Nimefungua gereji saa nane, betri mbili zinangoja. Nimefanya kazi polepole.

Miaka kumi nimesikia nong'ono nikadhani ndiyo sauti yake. Huenda ile nyingine, ya kule juu, nisiisikie tena maisha yangu yote. Nimeshaanza kuitamani.