Sauti ya Mama Kwenye Albamu Isiyo na Mwimbaji

Boitshepo, nimekwisha.

Nimetoka kuwasikilizisha mashabiki wa roki wa Ghanzi albamu yetu. Miaka mitatu ya magitaa matupu, bila mwimbaji, halafu wimbo wa tano una sauti ya mama yangu.

Mama yangu, Boitshepo. "Oduetse, zima hayo makelele uje ule bogobe." Maiki ilimnasa, mimi sikumsikia.

Wanaume wazima na makoti yao ya ngozi walinuna nyimbo nne nzima. Mama alipoingia, wakasimama. Mmoja akaniambia, "Hayo mapigo yako yamenichanganya, lakini huyo mwimbaji ni moto. Jukwaani mlete yeye."

Gitaa langu hakuna aliyelisifu. Hata mmoja.

Nimempigia mama simu nikimsihi akatae wakimwita jukwaani. Ameniuliza koti la ngozi la marehemu baba nimeliweka wapi.