Mwalimu Aliyefagia Uwanja

Mjukuu wangu Neema,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Babu yako yu mzima, anapalilia kabichi. Umeuliza kwa nini nilikwenda na magoti haya mabovu hadi Malindi ya huku milimani kumzika mwalimu wetu wa netiboli.

Nilikuwa msichana wa aibu. Siku ya mechi nikajisahau, nikaomba mpira kwa Kishambaa. Shuleni kilikatazwa, kiranja akaniandika nikafagie uwanja. Nikaamua kuacha timu.

"Niandike na mimi," mwalimu akamwambia kiranja. "Nimemjibu kwa Kishambaa hichohicho."

Jumamosi akaja na ufagio, mkewe na watoto nyuma yake.

"Baba, hapo umeruka!" wakamtania. Akarudia, akicheka.

Timu sikuiacha. Ila aibu ilinizuia kumshukuru miaka yote. Nimeisema asante kaburini, kwa sauti, watu wakageuka.

Bibi yako, Magamba