Kahawa Uwanjani

Githongo, Alhamisi

Na kumbe ilikuwa kahawa! Nimejiuliza sana kwa nini timu yetu ya mpira wa kikapu, kabla ya kuwa timu ya kulipwa, ilikuwa ikishindwa kila mwisho wa mwaka. Mimi, mwalimu wa shule na mwanahistoria wa kujiteua, nilishaandika kwamba wachezaji walikuwa wavivu. Jumapili ningewasomea hayo kwenye sherehe ya timu, mbele ya wake zao.

Leo nimeenda kwa Baba Kendi, nahodha wa zamani, ambaye, tangu asikie nimewaita wavivu, ameapa hatakanyaga sherehe hiyo. Nikamuuliza kwa nini walikuwa wakishindwa, naye akanijibu kwa swali.

"Mwalimu, sisi tulikuwa tunafanyia mazoezi wapi?"

"Kwenye kiwanda cha kahawa, kwa ile sakafu ya simiti."

"Na kahawa ikikuja, ilikuwa inaanikwa wapi? Kwa kichwa yako?"

Nimecheka hadi kipara kikatoa jasho. Mavuno yakianza, hawakugusa mpira mpaka Krismasi. Mchana walikuwa mashambani wakichuma.

Nimefuta ule uvivu palepale, yeye akinisimamia. Nikamuuliza kama sasa atakuja.

"Nitakuja. Lakini usisome na ile sauti yako ya matanga."

Nimejaribu sauti nyingine hapa chumbani. Sina.