Mama Aliitikia

Mdogo wangu Paskuala,

Huku baridi imeunguza mahindi. Bata mzinga wako yu hai, na bado anamfukuza padri. Mama hainuki tena mkekani.

Alhamisi aliita majirani ili atoe wosia. Nikaleta wino wangu, kama baba alivyokuwa akileta wake. Akaingia karani wa hakimu mpya, akaniambia niweke kalamu chini, eti mfalme sasa anataka Kihispania tu. Nikamjibu kwamba mfalme ndiye aliyewaamuru mababu zetu waandike Kinahua, lugha yetu.

Akacheka. "Huyo alikuwa mfalme mwingine, mzee."

Mama akasema, karani akaandika, na Kinahua cha karani huyo ni cha kuombea maji tu. Kisha akamsomea kwa Kihispania. Unaijua desturi: anayekufa husomewa maneno yake, naye huitikia mbele ya watu. Nilitega sikio, lakini Kihispania changu ni cha sokoni. Nilisikia jina lako, nikasikia shamba la mikonge. Sikujua kama unapewa au unanyimwa.

Mama akanigeukia. "Bernardino, hayo ndiyo niliyosema?"

Watu wote walikuwa wananitazama. Nikasema ndiyo. Sijui kwa nini.

Naye akaitikia, "Ndivyo nilivyosema."

Wewe umekaa mjini Puebla na Wahispania wenyewe. Njoo umsomee wosia huo kwa Kinahua. Tangu siku ile hajatamka neno. Majirani wanasema amekwisha kuaga. Mimi naona bado anasubiri kusomewa.

Kaka yako, mwandishi wa kijiji, kama bado ni mwandishi,
Bernardino