Sinia la Shangazi Wadha

Hamda, uko wapi? Nimefura kwa hasira!

Shangazi Wadha kafukua zarb yake, mbuzi mzima kaiva chini ya mchanga, ananukia kambi nzima. Wageni wanameza mate. Yule mwongoza watalii wao wa mjini akawaambia, "Msiguse! Imefukiwa ardhini hiyo, mtaharisha."

Mbele yake! MBELE YAKE, Hamda!

Shangazi alisikia kila neno. Uso ulimshuka. Kisha akamkatia paja yule mwongoza watalii, akamwekea mkononi. "Kula, mwanangu. Umesafiri siku nzima."

Na akala! Shetani yule akala, akalamba na vidole! Wageni wanamkodolea macho, biskuti mkononi.

Nikamfokea shangazi, "Unamlishaje mtu huyu?"

Akasema, "Nilitaka wamwone akila."

Sinia limerudi tupu.