Kwa Baba, Dereva wa Wasso, Aliyeshuka na Majani Mkononi

Baba,

Kijana hakufa. Naanza na hilo kwa sababu najua uliondoka ukiamini umeua mtu. Alivunjika mguu, akalazwa Karatu, na sasa anachunga tena, anachechemea nyuma ya ng'ombe wa babu yake. Wamekuua kwa ajili ya mtu aliye hai.

Nakuandikia kutoka ofisini, hapa Wasso. Wenzangu wamekwenda kula, mlango nimeufunga kwa ufunguo. Siku hizi nafunga kila mlango. Polisi wameniita Karatu kesho nikaseme nani alikupiga wa kwanza. Wewe hukumwona, alikuja kwa nyuma. Mimi nilimwona.

Juzi mdogo wa huyo aliyekupiga alikuja hapa. Alikaa kiti cha wageni, akavua kofia, akaniamkia kwa adabu kabisa. Akasema, "Dada, wewe ni msomi, huhitaji kuelezwa mengi. Kwenu ni Endamarariek, kazi yako ni Wasso. Barabara ya kwenda kwenu ni moja tu." Akaivaa kofia yake akaondoka. Kesho yake Mama aliamka akamkuta mbwa wetu, Simba, amelazwa mbele ya mlango, amekatwa shingo kwa panga. Mama alimzika nyuma ya shamba la mbaazi, na hakumwambia mtu ila mimi.

Barabara ni moja. Nani anaijua kuliko wewe? Ulinifundisha barabara hiyo kabla sijajua herufi: Makuyuni, Mto wa Mbu, ukuta wa Bonde la Ufa, Rhotia, Karatu, lango la hifadhi, ukingo wa kreta, Malanja, Olduvai, halafu kaskazini kwenye vumbi mpaka Wasso. Nikikosea jina moja unasema, "Mama, umetuangusha korongoni, rudi tena!" Ulinisimulia ulivyoanza ukiwa utingo, wakati mlima wa Mto wa Mbu ukiwa tope tupu la mfinyanzi, mnakata magogo mnayatupa chini ya magurudumu, lori likirudi nyuma mnaruka kila mtu na upande wake. Rafiki yako mmoja alichelewa kuruka. Ulisema mlimtoa vipande, mkaosha gurudumu, mkaendelea kupanda, kwa sababu mvua ilikuwa inakuja. Halafu lami ikaja, ikafika mpaka langoni, na vikajengwa vibanda, vilabu na magereji pale palipokuwa mahindi. Ukasema sasa watu watakufa kwa haraka zaidi. Nilidhani ni utani wako.

Siku ile mabasi yote yalikuwa yanawahi mnada. Tulipotoka langoni tukagusa lami, ukapiga honi moja fupi kama kawaida yako, na abiria wakaanza kukung'uta vumbi. Nilikuwa kiti cha nyuma yako. Pale kwenye kisenta, vile vibanda vya kando ya lami kabla ya Karatu, ng'ombe walikuwa wanavuka kwenda mnadani. Mtamba mmoja akarudi mbio, kijana akaruka kumzuia. Ulikanyaga breki mpaka ukainuka kitini. Nilisikia mlio basi lilipomgonga. Bado nausikia nikifungua droo, nikivuta kiti.

Madereva wengine hukimbilia kituo cha polisi. Wewe ulishuka. Uling'oa majani kando ya lami, ukayainua kwa mikono miwili, kama Wamasai wanavyofanya mtu akiomba amani, na anayeshika majani hapigwi. Walikufundisha wenyewe kule Malanja, mwaka ulipogonga ndama wao, wakakunywesha maziwa badala ya kukuchapa. Na wenye ng'ombe hawakukugusa, Baba. Walisimama na fimbo zao. Babu wa kijana alikuwa tayari anakuja kukupokea.

Lakini waliotoka vibandani hawakuwa wafugaji. Walikuwa watu wa kila mahali, wamefuata lami kutafuta maisha, na kwao majani ni majani. Faustini, fundi pancha, yule uliyekuwa ukimletea maziwa ya mgando kutoka Wasso, akapiga kelele, "Ana dawa mkononi! Msimwache aseme!" Akakupiga kisogoni kwa spana ya magurudumu. Ukapiga magoti. Akarudia mdomoni. Baada ya hapo yakawa mawe, na viatu, na matofali. Mwanamke mmoja aliweka chini beseni lake la ndizi ili apate nafasi ya kukurushia jiwe. Yule babu aliingia katikati akipunga fimbo, "Tapala! Mwacheni! Ameshika majani!" Wakamsukuma akaangukia damu yako.

Nilitaka kushuka. Kondakta wako, Samweli, alinilaza chini akanikalia mgongoni, analia huku ananiambia, "Tulia dada, tulia, watamaliza ukoo." Vioo vilikuwa vinatumwagikia. Walipoleta petroli ndipo polisi walipofika. Ulikuwa huna uso, Baba. Nilikutambua kwa soksi alizokufumia Mama.

Sasa wameweka matuta pale. Basi linapunguza mwendo, na kila nikienda nyumbani napita taratibu mbele ya kibanda cha Faustini. Anaziba matairi. Mara moja aliinua macho, akanitazama, akaendelea kupampu. Sijui kama siku ile aliogopa kweli dawa, au aliona nafasi tu ya kupiga. Nimejiuliza mpaka kichwa kinauma, na sidhani kama jibu litanisaidia.

Yule babu aliwaambia polisi anamkumbuka mpigaji kwa sura, lakini jina halijui. Samweli amehamia Singida, simu hapokei. Waliokuwa kisentani wote wanasema walikuwa wamekwenda mnadani. Jina ninalo mimi peke yangu.

Naogopa, Baba. Sitakudanganya wewe. Mama ameniambia, "Mwanangu, ukinyamaza sitakulaumu, nimeshazika mmoja." Nimemwomba ahamie kwa shangazi, Mbulu, ameondoka leo asubuhi na kuku wake wawili, nimemsikia kwenye simu anagombana na kondakta kuhusu kuku. Kwa hiyo nyumba ni tupu. Wakija wachome bati.

Kesho nitapanda basi la kwanza. Nimekata tiketi ya kiti cha mbele, upande wa mlango, ili wanione vizuri tukipanda tuta. Nikifika kituoni nitasema Faustini, fundi pancha, alimpiga Baba yangu kisogoni, halafu mdomoni, nami nilikuwa natazama. Nitasema hivyo hivyo mahakamani, yeye akiwa amesimama mbele yangu, hata kama sauti itatetemeka. Nitaiacha itetemeke.

Pumzika, Baba. Mlango wa ofisi naufungua sasa, wenzangu wanagonga.

Binti yako,
Paulina