Mjomba wa Msaidizi wa Meya

Jumatatu, 3 Februari

Jiji hili bila mimi lingekuwa bado linatafuta meya. Naandika ukweli, daftari ni langu. Meya kaingia kwa kura za Makorora. Kura za Makorora kazileta Mwanamisi. Na Mwanamisi nimemtengeneza mimi. Leo ni msaidizi mkuu wa meya, ana meza, ana gari la kazi, wakubwa wanasimama akipita. Mimi nimekunywa chai ya rangi na kiporo cha wali.

Kwetu Wadigo mtoto ni wa mjomba. Dada yangu alimzaa tu. Nani alimfundisha kuomba kura? Nilimwambia usisimame mlangoni kama karani wa sensa. Ingia uani, kaa chini, shika kisu, menya mihogo na mwenye nyumba. Kura itakuja yenyewe. Akamenya mihogo miaka sita, ua hadi ua, mpaka watu wa mtaa wa Usagara wakamjua kwa jina. Mimi nilikuwa wa kipaza sauti. Mkutano wa Tongoni nilikohoa mara moja tu, uwanja mzima kimya, hata jenereta likazima.

Leo kwenye baraza ya kahawa mzee mmoja kaniuliza mbona sijapewa hata kazi ya kufungua geti. Kahawa ilikuwa chungu kuliko kawaida.

Jumatano, 5 Februari

Mtendaji wa mtaa kapita na kipaza sauti. Mtaro unapanuliwa. Akina mama wote wanaouza kando ya mtaro waende ofisini kwake wajiandikishe, wapewe vizimba soko jipya. Mwisho Ijumaa ya wiki ijayo. Sauti mbovu, kama mbuzi aliyebanwa na mlango. Enzi zangu kazi hii wangenipa mimi.

Bi Zaituni, aliyekaa hapo na karai lake la kukaangia tangu mimi sijaota ndevu, kanishika kanzu.

"Bakari, wewe si ndio mwenye mtoto huko? Tuandike, tusiandike?"

Wenzake kumi na mmoja wakageuka kunitazama. Mara ya mwisho kutazamwa hivyo ilikuwa kampeni. Nikawaambia wasubiri, naenda kwa Mwanamisi.

Ijumaa, 7 Februari

Nimetoka ofisi za jiji. Nimepokelewa kama balozi. Mlinzi kapiga saluti. Mwanamisi kasimama, kaniamkia, kanikalisha kiti cha meya mwenyewe, maana meya kasafiri. Kiyoyozi baridi mpaka nikaomba shuka. Nikamwambia wale mama zako wasiguswe. Kasema mjomba ukishasema umesema.

Nimewapa akina mama habari. Asiandike mtu jina. Anayeandika kakubali kuhama. Bi Zaituni kanikaangia samaki changu mzima, mkubwa, na ndimu juu. Nimekula mpaka miba. Nimefurahi.

Jumanne, 11 Februari

Mama Neema, Msambaa, muuza mboga, yule Mlutheri, kaenda kuandika jina. Nimemwita mbele ya wenzake nikamuuliza kwani hanisikii.

"Nakusikia, baba. Ila wewe ni mjomba wao hao. Mie wajomba zangu wako Lushoto, na hakuna hata mmoja aliyenikataza."

Wakacheka wote. Nilitamani ardhi ipasuke. Bi Zaituni kaninusuru. Kasema wao hawawezi kumruka mjomba wakaenda kwa mtendaji, ni sawa na kumtukana Mwanamisi, ni kumwambia mjomba wako hana neno. Wamekaa. Nilipaswa kushukuru. Sikulala mchana.

Ijumaa, 14 Februari

Mwisho leo. Ofisi ya mtaa imefungwa saa tisa na nusu. Nilikuwa kivulini ng'ambo ya barabara. Wa mtaroni kaingia Mama Neema peke yake. Tena kwa kuhakikisha tu.

Chakula cha usiku nimekiacha. Ni maharage.

Jumatatu, 17 Februari

Mgambo wamefika asubuhi na tingatinga nyuma yao. Meza zimekusanywa juu ya lori. Vizimba vimeshagawiwa vyote. Mama Neema anacho, cha kona.

Saa nne kaja Mwanamisi. Kaacha gari mbali, kaja kwa miguu, kakaa juu ya ndoo kama zamani.

"Mama zangu, nimewasubiri wiki nzima. Mbona hamkuandika?"

"Unatuuliza sisi?" Bi Zaituni, karai mkononi. "Si ulimwambia mjomba wako tusiandike? Si alikuja kwako ofisini?"

Mwanamisi akanitazama. Mimi nikatazama tingatinga. Nikasema basi, leo nimekwisha.

Akanyanyuka, akaja mpaka niliposimama. "Shikamoo, mjomba." Marahaba yangu ikatoka nyembamba kama ya mtoto. Kisha akawageukia.

"Ni kweli, alikuja. Mimi ndiye niliyemwambia hivyo. Kosa ni langu."

Bi Zaituni hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali. Kasema: "Umekaa uani kwangu miaka, mwanangu, tukila sahani moja. Haya. Leo una kiti." Mwingine katema mate chini. Mwanamisi kapokea yote, kaondoka.

Nimekasirika. Nani kamwomba anisitiri? Angenisema hadharani ningemtukana, nikamaliza. Sasa namtukana nani?

Alhamisi, 20 Februari

Akina mama walikwenda kwa meya jana. Kumi na mmoja, wamejifunga kanga kiunoni. Meya kamwita Mwanamisi mbele yao. Naye kasema lile lile, kosa ni langu. Leo kaondolewa ofisi ya meya. Gari limerudishwa. Kapewa chumba cha nyuma, anaandika vibali vya mazishi.

Miaka sita ya mihogo.

Baraza lote halina habari nyingine. Wanasema madaraka yamemlevya. Kanigeukia yule mzee aliyeniuliza kazi ya geti: "Na wewe mjomba, hukumwonya?" Nikasema nilimwonya sana. Nimesema hivyo. Kinywa hiki hiki.

Sijawahi kujichukia namna hii. Naandika ili nisije kusema sikujua.

Jumamosi, 22 Februari

Bi Zaituni sasa anatembeza. Karai kichwani, nyumba hadi nyumba, na magoti yale. Nilimwona kwenye kona ya msikiti nikapita njia ya nyuma. Mtaroni pamebaki alama za moto tu, nyeusi.

Jumapili, 23 Februari

Mwanamisi kaja mchana. Kaniletea mkate wa ufuta. Kakaa kwenye mkeka, kauliza afya, kauliza paa linavuja au la. Amekonda. Hakutaja mtaro wala meya. Akiwa anavaa viatu ndio kaniuliza, taratibu kabisa:

"Mjomba, siku ile ulifika kweli?"

Nikasema nilifika. Hukuwepo. Kaitikia kwa kichwa, kaenda zake.

Nilifika getini. Hilo si uongo. Mlinzi hakunizuia, kijana wa heshima, kaniamkia. Kanipa kitabu cha wageni na kalamu. Nikaandika Bakari. Nikaandika Makorora. Mstari unaofuata wanataka wadhifa. Nikasimama na kalamu juu ya ule mstari. Nyuma yangu watu watatu wanangoja, mmoja kashaanza kuguna. Nikamrudishia mlinzi kalamu yake, nikamwambia nimesahau miwani nyumbani, naifuata mara moja.

Mimi sina miwani. Macho yangu mazima.